Makali ya Upande Mmoja

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeshuka mjini Nachingwea kumtafutia mke wangu Edina dawa ya kuchua mgongo, na wakati wa kurudi nikapitia dukani kwa Maximilian. Ningepanda bodaboda moja kwa moja mpaka Lionja, ningelala na moyo safi.

Maximilian ni mtoto wa Letisia, dada yangu anayekaa Nanganga, upande wa Ruangwa. Kwetu mjomba hana pa kumkwepea mpwa wake. Kijana akifanya la kusifiwa watamtaja baba yake. Akifanya la aibu watakuja kugonga kwa mjomba. Ameacha kuuza kava za simu. Sasa anauza visu. Si vya jikoni wala vya kuchinjia, ila vile anavyoviita vya porini, vya wanaume wanaolala msituni. Nikamuuliza wateja wake wanalala msitu gani. Akasema wengi ni vijana wa machimbo ya Namungo, na wengine wanapenda tu kukipachika kiunoni siku ya mpira.

Nimevikagua vyote kwa subira, maana si haki kuchukia kitu usichokijua. Maumbo yao ni matatu. Cha kwanza, mgongo wake unateremka taratibu mpaka unakutana na makali. Ncha yake ni nene, inachuna mnyama bila kutoboa utumbo, na sina ugomvi nacho. Cha pili, mgongo umemegwa karibu na ncha kama muhogo ulioumwa na panya. Ncha inakuwa nyembamba, ya kuchomea. Cha tatu ndicho kilichonitibua. Ncha yake imekatwa mshazari kama patasi, ikafanya kona, na mgongoni kuna meno ya msumeno yasiyoweza kukata hata bua la mtama. Max anakiita tanto. Ati ndicho kisu cha samurai.

Nilimweleza kwamba tanto ya Wajapani wa kale ina ncha iliyopinda kwa upole, na kona ile imebuniwa juzi juzi na wauzaji wa nchi nyingine ili kisu kionekane kikali kabla hakijakata kitu. Akacheka. "Mjomba, hiki ni noma. Ona mawimbi haya, chuma kimekunjwa mara kibao. Orijino Japani."

Mpini una fuvu la mtu. Mwisho wa mpini kuna dira. Nilipanga vitatu vya namna hiyo kaunta, mbalimbali, maana sumaku huvutana, na kila kimoja kilikuwa na kaskazini yake.

Jumatano, 13 Novemba

Mabibo ya mikorosho yameoza kila mahali. Inzi wadogo hadi ndani ya chai. Majirani wanakamua uraka, pombe ya mabibo, na kuanzia saa tano asubuhi hakuna wa kuongea naye jambo la maana.

Ijumaa, 15 Novemba

Bado nafikiria vile visu. Basi nikatoa changu kabatini nikakifuta mafuta.

Nilikipata mwaka 1986, serikali iliponipeleka Japani kwa mafunzo ya miti ya matunda, nikiwa bwana shamba kijana. Mzee wa bustani ya machenza niliyefanya naye kazi alikikunja kwenye gazeti akanipa siku ya kuagana. Hakina hata mpini. Ni kipande cha chuma urefu wa kiganja, kimekatwa mshazari mwishoni, na hapo mshazarini ndipo penye makali. Ukikiangalia haraka utadhani ni chakavu cha gereji.

Siri yake ni kwamba kimenolewa upande mmoja tu. Ubavu mmoja umeteremka; wa pili ni bapa kama kioo, tena katikati umebonyea kidogo sana ili usigandane na jiwe wakati wa kunoa. Mhunzi ameunganisha vyuma viwili. Cha mgongoni ni laini, cha kuvumilia. Cha ubavu bapa ni kigumu na chembamba, na ndicho kinachobeba makali. Visu vyetu vyote, na vile vya Max, vina mashavu mawili yanayokutana katikati kama paa la nyumba. Ukisukuma kisu cha namna hiyo kwenye tawi, kinapanda na kushuka kikitafuta njia, na jeraha linabaki na tumbo. Cha upande mmoja hulalia ule ubapa wake na kukata mstari usio na shaka.

Nisikisifu kupita kiasi. Ukikigonga kwenye mfupa kitang'oka jino. Ukikisahau kwenye unyevu kitashika kutu siku hiyo hiyo. Ukipotea porini, chukua kile kinene cha Max, uache hiki nyumbani. Hiki kinajua kazi moja, kubebesha miti, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 19 Novemba

Joto. Mawingu yanakuja hadi juu ya Lionja, yanatazama, yanaondoka.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ya kwanza, na ilikuja na hasira. Upepo umeezua banda la kuku. Tukiwa bado tunaokota mabati, Letisia akapiga simu. Hakulia. Alisema tu, "Kaka, mkorosho wa Saturnini umelala."

Jumatatu, 25 Novemba

Nimefika Nanganga kabla umande haujakauka. Ni kweli. Umeng'oka upande wa mashariki, mizizi iko juu kama vidole, na shina limepasuka hadi ndani, ambako mchwa walikuwa wameshajenga. Mizizi ya magharibi bado imeshika udongo. Mkorosho ukilala mzima huweza kuishi miaka, lakini huu hautapona. Utakunywa maji kidogo kidogo kwa mizizi iliyobaki, wiki kadhaa pengine, halafu basi.

Saturnini, shemeji yangu, aliupanda mwaka aliomwoa Letisia, kwa korosho ambayo mama yake aliivusha kutoka Msumbiji ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Amefariki miaka minne sasa. Nimefanya kazi na mikorosho maisha yangu yote na sijaona mwingine kama huu: korosho zake nzito, ugonjwa wa ubwiri unga haukuuweza, na bibo lake ni la njano, halikabi koo.

Sasa niandike jambo ambalo watu wengi hawalijui, na Letisia analijua kwa sababu nilimfundisha mwenyewe. Korosho ukiipanda inatoa mkorosho mwingine, haitoi ule ule, kama mtoto wa mtu asivyokuwa yule mtu. Ukitaka mti wenyewe uendelee, unachukua kikonyo, yaani kijiti cha ncha ya tawi chenye macho ya kuchipua, unakipandikiza kwenye mche mchanga. Sisi tunaita kubebesha, na neno hilo limebeba somo lote. Anayebebwa lazima alalie mgongo wa anayembeba, ngozi kwa ngozi. Pakibaki uwazi kati yao, hewa inaingia, kidonda kinaoza, na aliyebebwa anafia mgongoni.

Letisia ana miche kwenye viriba vya plastiki nyuma ya jiko, aliyoisia Septemba kwa mbegu za mti huo huo. Nikamwambia, kwa kumfariji, kwamba hata vikonyo vikigoma angalau ile miche anayo. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Watoto wake ninao, kaka. Namtaka mwenyewe."

Wakati tunaongea, Bonifasi, jirani wa mpaka, alikuwa ameshasimama pale na shoka. Alikuja kutoa pole, akasema, na akauliza kama tumeshapata mtu wa kuchoma mkaa. Majani ya mti yalikuwa bado yanameta. Letisia alikwenda akakaa juu ya shina na kuanza kuchambua mboga kwenye ungo, akachambua mpaka Bonifasi akaondoka. Nimewahi kumsifu huyo mtu kwa uchapakazi. Leo nimeona uchapakazi wake unaelekea wapi.

Nikachagua matawi mazuri nikayakata majani, nikaacha vikonyo vitupu. Ukifanya hivyo, macho yanavimba, na kikonyo kinafika kwa mwenyeji wake kikiwa na njaa ya kuchipua. Baada ya siku kama kumi nitarudi na kisu.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua ya wastani. Baada ya misa nilimwambia Edina kwamba kisu kinataka kunolewa kabla ya Nanganga. Nimeandika sentensi hiyo hapa ili ijulikane kwamba niliitamka.

Jumanne, 3 Desemba

Nimekaa barazani tangu asubuhi na kisu mapajani.

Jana nilikuwa Nachingwea kwenye mazishi. Max alipita hapa kumsalimia mkaza mjomba wake, Edina akamwambia habari ya kisu, kijana akaona pa kumfurahisha mjomba. Akakichukua akakipeleka kwa Kipriani, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye grainda ya umeme. Leo amekirudisha kimefungwa kwenye mfuko wa zawadi.

Alisimama mbele yangu amejaa furaha. "Shikamoo, mjomba. Nimekutoa aibu. Waliokunolea walikupiga, walinoa upande mmoja tu. Nimekumalizia na wa pili."

Nilikitoa mfukoni. Ubavu bapa haupo. Pana mteremko mpya, unang'aa, wenye mikwaruzo ya gurudumu, na pembeni mwa makali chuma kimegeuka samawati. Rangi ile maana yake kimeungua, ugumu umetoka. Tena upande walioula ndio ule wenye chuma kigumu, kile chembamba. Wamemenya embe wakatupa nyama, wakanirudishia kokwa. Nilijaribu makali kwenye kijiti cha mpera. Yalijikunja kama kifuniko cha soda.

Sikupiga kelele. Nilimwambia akae, nikamweleza kila kitu, tangu mhunzi hadi jiwe, kwa sauti ninayotumia darasani. Nadhani ingekuwa huruma zaidi kumchapa. Mwanzoni alitabasamu, akidhani ni hadithi ya wazee. Baadaye akauliza kama kinaweza kurudishwa. Nikasema hapana. Akauliza kama cha namna hiyo kinapatikana. Nikampigia Fransisko, tuliyefanya naye kazi zamani, yuko Masasi. Visu vya kubebeshea vimekwisha dukani, na chake amekiazima mtu wa Newala ambaye hapokei simu.

Ndipo Max akavuka mpaka. Akatoa kwenye begi lake kile cha kona, chenye mawimbi na fuvu, akakiweka mezani. "Basi tumia hiki, mjomba. Nacho ni Mjapani."

Edina akamwambia, "Mwanangu, nenda kwanza." Akaenda. Kisu kikabaki, fuvu linanitazama.

Ninachochukia si ujinga. Nimefundisha wajinga miaka mingi na nimewapenda. Ninachukia ule uhakika: kuona kitu usichokielewa, na bila hata kuuliza ukakihukumu kuwa hakijakamilika.

Alhamisi, 5 Desemba

Nanganga. Vikonyo viko tayari, macho yamevimba kama punje za mtama. Mti unaanza kulegea upande wa mashariki.

Nilianza na wembe, kama wanavyofanya wengi, na kwa vikonyo laini wembe hauna ubaya. Vya mti mzee ni vinene na vigumu. Wembe ulipinda, ukaacha mawimbi. Nikachukua kisu cha fuvu. Nilikuwa nimekinoa vizuri. Kinanyoa nywele za mkono, wala sikisingizii. Lakini kazi yenyewe ni kuchonga kikonyo kiwe kabari, mashavu yake mawili yanyooke kabisa, halafu unapasua kichwa cha mche na kuchomeka kabari humo. Unene wa kisu kile ulikuwa unakisukuma nje ya njia. Kila kabari ilitoka na tumbo. Nilishika moja juani pamoja na mche wake, nikamwita Letisia aangalie. Mwanga ulipita katikati.

"Utashika?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli, kwamba sidhani. Akasema tuendelee, maana kesho si yetu. Tukafunga kwa utepe wa nailoni na kuvisha juu vifuko vya plastiki vya kugandishia barafu ili unyevu usitoke, tukapanga viriba kivulini. Nusu ya vikonyo bora vya Saturnini imekwenda leo. Mikono yangu inanuka utomvu, na nimeikosha mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Letisia hamsemeshi Max. Kijana alimletea mama yake mchele na mafuta. Mama ameviacha mlangoni, na kuku wa Bonifasi wametoboa mfuko.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua. Mgongo wa Edina, mgongo wangu.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekwenda kukagua. Ndani ya vifuko, vikonyo vimekuwa vyeusi. Vingine vimeota ukungu wa kijivu, wenye manyoya. Nilifungua utepe wa kimoja. Kabari iliteleza yenyewe ikatoka, laini, imezungukwa na maji ya kahawia yenye harufu ya soksi. Sisimizi walikuwa wamefika kabla yangu. Nilifungua kingine, na kingine. Mahali penye tumbo la kabari pameshika kidogo, kando zote zimeoza. Ni kama nilivyomweleza. Kuwa sahihi katika jambo kama hili ni kitu kibaya sana, hakina ladha.

Letisia alivibeba vyote kwenye beseni akavimwaga shimoni, akafukia. Kisha akaniuliza vimebaki vingapi mtini. Vimebaki vya upande wa magharibi, kwenye tawi moja tu, nami nilivikata majani tarehe tano, siku tulipobebesha vile vya mwanzo. Macho yao yakifunguka kabla hatujakata, havifai tena. Tuna siku chache.

Bonifasi ameegemeza shoka lake kwenye ukuta wa jiko la Letisia. Ati asilibebe kila siku.

Jumanne, 17 Desemba

Max amekuja bila begi, bila miwani yake ya jua. Alisalimia akakaa chini kwenye mkeka, sio kwenye kiti. 

"Nimeambiwa mama anasema nimemzika baba mara ya pili."

Ni kweli Letisia alisema hivyo.

Akaniuliza, kwa maneno aliyokuwa ameyapanga njiani, kama kisu chenye mashavu mawili kinaweza kufanywa cha shavu moja. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ubapa ndio kazi. Sasa kwa nini tusiutengeneze ubapa. Swali lilinikera, kwa sababu nilipaswa kulifikia mwenyewe badala ya kukaa siku zote hizi nikifurahia kuchukia kwangu. Nikamjibu kwamba inawezekana, kwa mkono, kwa maji, na bila mashine. Na kwamba chuma chake ni takataka.

"Takataka ndiyo tuliyo nayo, mjomba."

Tukashuka mjini tukachagua kile chembamba kuliko vyote dukani kwake, nacho kina mawimbi na fuvu. Kwa Kipriani tuliazima kibano na tupa. Kipriani alitaka kuwasha grainda. Nikasimama mbele ya swichi. Max akaanza kusugua ubavu mmoja. Tupa ilikula chuma kama sabuni, jambo ambalo lenyewe ni tusi: kisu cha chuma kizuri huikataa tupa, tupa inateleza na kulia. Alisugua mpaka ule mteremko wa upande mmoja ukatoweka kabisa. Kisha tukahamia kwenye jiwe na maji.

Hapo ndipo mawimbi yalipoondoka. Chuma kilichokunjwa mara kibao, orijino Japani, kilianza kuchujuka na kutiririka kama uchafu wa sufuria, maji meusi yakamtambaa Max mpaka viwikoni. Chini yake palikuwa na bati jeupe tupu. Ilikuwa picha, imechapwa juu. Kipriani alicheka hadi akakaa.

Max aliangalia maji yale. "Nimewauzia watu hii."

"Ndiyo," nikamwambia. "Endelea kusugua. Lalisha kisu, usikiinue."

Akaendelea. Mara nyingi nilitaka kumnyang'anya. Mkono wake ulikuwa unayumba kama wa mtu anayepiga pasi suti ya mwenzake. Jioni alikuwa hayumbi tena. Ubavu ukawa bapa. Niliulalisha kwenye kioo cha dirisha, haukucheza. Mpini bado una fuvu. Nililifunika kwa mpira wa baiskeli.

Alhamisi, 19 Desemba

Nanganga, mimi na Max. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na mti ulikuwa unadondosha maji. Tawi la magharibi lilikuwa bado hai. Macho mawili matatu yalikuwa yameanza kufunguka, hayo niliyaacha.

Letisia alikaa mlangoni mwa jiko. Alipomwona mwanawe na kisu alisimama, akaniuliza mimi, siyo yeye, "Ni kile kile?"

Nikamwambia ni ndugu yake, ila amepunguzwa.

Kabari ya kwanza niliichonga taratibu, ule ubapa umelalia kwenye kijiti. Kisu kilikwenda moja kwa moja. Nikaishika juani na mche wake, mwanga haukupita. Nikachonga ya pili. Ya tatu ilianza kukwaruza. Chuma kile hakina uvumilivu hata kidogo: vikonyo viwili, vitatu, makali yamelala. Cha mzee wa machenza kingemaliza bustani nzima. Basi Max alichuchumaa na jiwe na kopo la maji. Nikikata, anangoja, makali yakilala, namrudishia, anasugua, ananirudishia. Nilichukia kila mara niliposimama kumngoja, na nilichukia zaidi kwamba kila kiliporudi kilikuwa sawasawa, bapa, hajakiinua hata mara moja.

Katikati ya kazi Letisia alisogeza kigoda, akaanza kufunga utepe. Alifunga vya kwangu. Baadaye, maji ya kopo la Max yalipokuwa meusi, aliinuka akajaza kopo jingine akaliweka karibu na mguu wake.

"Hayo machafu yamwage kule," akamwambia, "usinimwagie kwenye miche."

Ndilo neno la kwanza tangu mwanzo wa mwezi. Max akayamwaga kule.

Mwishoni nilikikagua kisu kwenye mwanga. Makali yamejaa vijino, mpira wa baiskeli umelowa, fuvu linachungulia. Ni kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kufanyia kazi.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Misa ndefu, kuku mgumu. Hakuna habari kutoka Nanganga na nimejikataza kupiga simu.

Jumatatu, 30 Desemba

Nimepiga. Letisia anasema vikonyo bado ni vya kijani, lakini hata mfu hubaki na rangi siku za kwanza. Maneno hayo ni yangu, nilimfundisha. Mti wenyewe umekauka wote sasa. Asubuhi alimwita Bonifasi, akamrudishia shoka lake mkononi, akamwambia aanze na upande wa mizizi.

Nilidhani nitachukia kusikia hivyo. Nilichukia moshi tu, kwa mawazo.

Jumatatu, 6 Januari

Mjini. Nimepita dukani kwa Max. Visu vya mawimbi havipo kaunta. Nikafurahi kwa muda wa kuvuka kizingiti. Ameviweka ukutani, amesugua ubavu mmoja wa kila kimoja mpaka umekuwa bapa, na juu ameandika kwa kalamu nene: KISU CHA MJOMBA, CHA KUBEBESHEA. Nilimwambia chuma ni kile kile, takataka. Akajibu kwamba anamwambia kila mnunuzi hivyo, na kwamba anampa na jiwe. Nimetafuta uongo katika jibu lile njia nzima ya kurudi Lionja. Sijaupata, na jina langu liko ukutani pamoja na mafuvu.

Jumamosi, 11 Januari

Mvua kubwa. Barabara ya Nanganga imekatika. Edina anasema, "Baba Teddy, acha kutembea tembea, utachimba sakafu."

Jumamosi, 18 Januari

Barabara imepitika. Max alinichukua kwa pikipiki, matope mpaka masikioni.

Mahali pa mti pana shimo na majivu, na Bonifasi amekwisha beba magunia. Letisia alitupeleka nyuma ya jiko bila kusalimiana sana. Baadhi ya viriba alikuwa ameviweka pembeni. Hivyo ni vyeusi, nilivitambua kwa mbali. Vingine vilikuwa kivulini, vimevuliwa vifuko. Nilimkaripia kidogo, maana kifuko hakivuliwi kwa pupa. Akasema, "Nimevua kwa sababu vilikuwa vinakosa nafasi."

Niliinama. Macho yamefunguka. Majani machanga, mekundu kama shaba, laini, yenye mng'aro wa mate. Mkorosho wowote huchipua hivyo, niliwaeleza, na ni mapema kusema, na mche usihamishwe mpaka majani yakomae, na shimo jipya lisiwe pale pa zamani kwa sababu ya mchwa. Nilieleza mengi. Letisia hakusikiliza hata moja. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kikubwa kuliko vyote, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu dukani. Max alisimama nyuma yake, hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Njoo umwone baba yako," Letisia akamwambia.

Akapiga magoti. Nami nikafungua utepe wa mche uliokuwa karibu yangu, ili nione kazi ya kile kisu. Kovu ni baya. Limevimba upande mmoja, kuna alama ya kijino pale makali yalipokwaruza, na mkono wangu haujawahi kutoa kitu cha aibu namna hiyo. Nilikivuta kikonyo kidogo kwa kidole, nikitegemea king'oke. Kimeshika.